Malalamiko Kuhusu Kamera Ambayo Orrin Hakuinunua

Bi. Marlys Ostby,
Nyumba ya pili baada ya kanisa,
Tamarack Bay, Minnesota.

17 Septemba 2009

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Vifaa,
Toleo la Jumamosi.

YAH: KUNYIMWA JIBU KATI YA KAMERA KUBWA NA KAMERA NDOGO

Ndugu Mhariri Pruitt,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, kwa sababu ni ndefu kidogo na nisingependa uisome umesimama. Mimi si mtu wa kulalamika. Huku kwetu mtu akikanyagwa mguu, aliyekanyagwa ndiye huomba radhi. Lakini wifi yangu LaVonne ameniambia kwamba nisipoandika nitaugua tumbo, naye amewahi kuugua matumbo ya kila namna, kwa hiyo naandika.

Mume wangu Orrin alifariki mwezi wa nne. Sisemi kwamba wewe ndiye uliyemuua. Daktari alisema ni moyo. Nasema tu kwamba alifariki akiwa bado hajaamua anunue kamera gani, na kwa hilo nakulaumu wewe, kwa heshima zote.

Sasa duka la kamera la hapa mjini linafungwa Jumamosi ya tarehe 26. Nataka niende nikanunue ile kamera ambayo Orrin angeinunua, nimmalizie kazi yake. Shida ni kwamba sijui ni ipi. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipotee.

1. Neno "inategemea". Mwezi Machi mwaka 2007 Orrin alikuandikia swali la mstari mmoja: anunue kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, ile DSLR ya wanaoanza, au anunue kile kikamera chembamba cha kutia mfukoni? Ulimjibu kwa safu nzima ya gazeti, ukaanza na "inategemea" na ukamaliza na "inategemea". Ulisema inategemea anataka kupiga picha za nini. Orrin akakaa mezani akaandika orodha: mimi, samaki, barafu ya ziwa inapopasuka, na mimi nikiwa na samaki. Kwa maelezo yako samaki walitaka kamera kubwa, kwa sababu hawatulii. Barafu ilitaka ndogo, kwa sababu vidole vinaganda. Mimi sikuonekana popote katika maelezo yako. Orrin akaniuliza, "Mama, wewe unatulia au hutulii?" Nikamwambia inategemea. Ulikuwa mzaha, lakini aliuandika.

2. Uzito. Mwezi Mei uliandika kwamba watu wengi hununua kamera kubwa kisha huiacha nyumbani kwa sababu ya uzito, na ukamshauri kila msomaji ajipime kwanza. Orrin alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Alitafuta kopo la maharage lenye uzito sawa na kamera, akalifunga kwa kamba ya kiatu, akalivaa shingoni mwezi mzima. Alilivaa kanisani. Mchungaji alipomuuliza, Orrin alimjibu kwamba anajaribu kamera, na Mchungaji akasema ni nzuri. Kwenye chakula cha pamoja cha kanisa, ambapo kila nyumba huleta bakuli lake, LaVonne alipungukiwa maharage, akamkata kamba kaka yake akiwa amesinzia kwenye kiti. Tulikula jaribio lote. Duka halikuwa na kopo la ukubwa ule, Orrin akanunua kubwa zaidi, akaona hesabu imeharibika, akaanza upya.

Kwa upande wa kamera ndogo alitia kipande cha sabuni katika mfuko wa shati. Jaribio hilo lilikwenda vizuri mpaka gwaride la mwezi Julai, mvua iliponyesha. Wewe hukuandika chochote kuhusu mvua. Orrin alipita mbele ya jukwaa la Meya akitoka povu kifuani, na watoto walidhani ni sehemu ya gwaride. Walimpigia makofi. Aliwapungia mkono.

3. Miaka miwili isiyo na picha. Siku ile ile aliposoma jibu lako, Orrin aliipeleka kamera yetu ya zamani ya filamu kwenye mnada wa kanisa. Alisema kwa kuwa tutapata mpya wiki hiyo, hatuhitaji mbili. Tangu siku hiyo nyumba hii haikuwa na kamera. Nakuorodheshea kwa uchache mambo ambayo hayana picha: samaki wa inchi arobaini na moja, siku yangu ya kutimiza miaka sabini, ambapo keki iliandikwa jina la mtu mwingine na tukaila bila kusema, na masharubu ya Orrin.

Masharubu hayo, Ndugu Mhariri, ndiyo yananiuma zaidi. Aliyafuga wiki sita, majira ya baridi, kisha akayanyoa kwa sababu yalikuwa yanashika barafu. LaVonne alikuwa Arizona kipindi chote hicho, na mpaka leo anakataa kwamba yalikuwepo. "Wifi," ananiambia, "kaka yangu hakuwahi kuota nywele hapo, labda ulikuwa na mtu mwingine." Anasema hivyo mbele za watu, na watu wanacheka, na mimi sina hata picha moja ya kumfunga mdomo.

Siku ya mazishi ndiyo tulijua tumefika wapi. Tulitafuta picha ya kuweka mbele ya kanisa, na ya karibuni zaidi ilikuwa ya harusi ya pili ya LaVonne, Orrin akiwa na uma wa keki. Tuliikata vizuri tulivyoweza. Hata hivyo kilibaki kiwiko cha bwana harusi, Gordy, ambaye LaVonne alikwisha kuachana naye na hataki hata kumsikia. Kwa hiyo kiwiko cha Gordy kilikaa katikati ya maua saa nzima, na LaVonne alilia kwa sababu mbili.

4. Duane. Huyu ndiye muuzaji wa duka la kamera, mtu mpole, na simlaumu. Jumamosi moja ya mwezi Juni 2007, Orrin alisimama mbele yake akiwa ameishika ile kamera kubwa muda mrefu. Duane akamuuliza kama amfungie. Orrin akasema hapana, asijisumbue. Duane akamuuliza kama ana hakika. Orrin akasema pengine kuna mtu mwingine anayeihitaji zaidi. Wewe umetoka Chicago, nimesikia, kwa hiyo nakueleza: huku mtu hukataa mara mbili kwa adabu, kisha akiulizwa mara ya tatu hukubali. Hata kahawa hunywewa hivyo. Orrin alikuwa tayari amekwisha kutoa mkono mfukoni kwa ajili ya ile mara ya tatu. Simu ikalia. Duane akaenda kuipokea, mteja wa simu alikuwa na maneno mengi, na mara ya tatu haikuja.

Orrin hangeweza kusema mwenyewe kwamba anaitaka; ingeonekana tamaa. Duane naye hangeweza kumrudia. Ingeonekana anasukuma watu wanunue. Basi tukawa tunarudi kila Jumamosi, kumpa Duane nafasi. Miaka miwili, na kila tulipotoka dukani alikuwa amebadili mawazo, mara kubwa, mara ndogo. Kamera zile za maonyesho zimefungwa kwa waya kwenye kaunta kama mbuzi, hazifiki mbali. Kila mara Orrin alichukua ile ndogo akaielekeza kwangu. Mimi alinipa ile kubwa, aone kama mikono yangu inaiweza, nami nikaielekeza kwake. Tulisimama hivyo tukiangaliana kwenye vioo vya kamera, waya zimenyooka, tukabonyeza mara moja kila mmoja, tukazirudisha mahali pake, tukamsalimu Duane, tukaenda kula mkate wa mdalasini. Nilimuuliza Duane wakati fulani picha zile huenda wapi. Alisema kila Jumatatu asubuhi husafisha kadi za kamera, kwa sababu watoto hujipiga picha wakiwa wametoa ndimi.

Utaniuliza wewe unahusikaje na namba nne. Unahusika kwa sababu Jumamosi iliyofuata uliandika kwamba mnunuzi mwenye busara hana haraka. Orrin alinisomea kwa sauti, akafurahi, akasema, "Unaona, hata mtaalamu anasema tusubiri." Mimi pia nilifurahi. Sasa sifurahi.

5. Kuchagua si kugumu kama unavyowafanya watu waamini. Mwaka 1961 mimi mwenyewe nilichagua kati ya Orrin na kijana mmoja wa mji wa Cloquet aliyekuwa na gari. Orrin alikuwa mfupi, mwepesi, wa kwenda naye popote. Yule mwingine alikuwa mkubwa, wa gharama, mwenye vitu vingi vya kurekebisha. Niliamua nikiwa namenya viazi, na viazi vilikuwa vichache. Hakuna aliyeniandikia safu kwamba inategemea.

Nikiyasoma maneno hayo naona kama nimejibu swali mwenyewe, kwamba Orrin alikuwa kamera ndogo. Lakini swali si Orrin alikuwa nini. Swali ni alitaka nini, na yeye, ukiangalia vizuri, alinichagua mimi, na LaVonne atakuambia kwamba mimi ni mzito na sitoki nyumbani.

6. Namba sita nimeisahau. Ilikuwa kali.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, uchapishe neno moja, "Kubwa" au "Ndogo", ukurasa wa mbele, kabla ya tarehe 26, bila maelezo. Pili, kama hilo haliwezekani, gazeti lako lisaidie kuomba sheria ya jimbo kwamba duka lolote lisiuze zaidi ya aina moja ya kitu kimoja. LaVonne anaunga mkono, isipokuwa kwa viatu. Tatu, viwanda viandikiwe viache kutengeneza moja kati ya kamera hizo mbili. Sijali ni ipi. Nne, neno "inategemea" lipigwe marufuku Minnesota nzima, na mtu akilitumia atozwe kopo la maharage. Tano, kama yote hayo ni mazito, basi naomba tu uniambie kwa siri, kwa kadi ya posta, wewe mwenyewe ungemchagulia ipi mtu kama Orrin. Sitamwambia mtu. Niliishi naye miaka arobaini na saba, najua alivyopenda mayai yake na upande gani wa kitanda ulimwuma bega, na nimekaa jikoni tangu Aprili nikijaribu kujua hili moja, silijui.

Nisalimie wote hapo gazetini. Nisalimie anayeandika hali ya hewa; umwambie hatumlaumu. Nisalimie mama wa tangazo la vifo, ambaye aliandika jina la Orrin kwa herufi mbili za r, sawasawa, bila kukumbushwa. Nisalimie na kijana anayetupa gazeti kwenye kichaka changu kila asubuhi; kichaka kimekwisha kuzoea.

Ni mimi msomaji wako, na ada ya gazeti nitaendelea kulipa, maana nimezoea kukukasirikia,

Marlys Ostby (Bi.)

Tanbihi: Barua hii ilikaa siku moja ikingoja stempu, na leo alasiri Duane amebisha hodi. Alikuwa amebeba sanduku lililokuwa la tufaha, na ndani yake zimo kamera zote mbili za kaunta, waya alizozikata zikiwa bado zinaning'inia kwa sababu ufunguo wa kuzifungua ulipotea tangu mwaka juzi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akazungumza kwanza kuhusu mvua, kisha kuhusu paa langu, kama inavyotakiwa. Halafu akasema ameagizwa afute kadi na kuziuza kamera hizo kama zilizotumika.

"Zile za ndimi nilikuwa nafuta kila Jumatatu, Bi. Marlys," akasema. "Zenu sikuwahi."

Tukaketi jikoni. Ziko picha mia moja na themanini na mbili. Katika kamera kubwa yumo Orrin tu, Jumamosi moja hadi nyingine, kamera ndogo usoni, na masharubu yanaota wiki baada ya wiki hadi yanaondoka. Katika ile ndogo nimo mimi tu, na kidole gumba chake pembeni katika kila picha. Sikujua kwamba nilikuwa nacheka kiasi kile.

Duane akaniuliza kama aniachie. Nikasema hapana, asijisumbue. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema pengine kuna mtu mwingine anayezihitaji zaidi. Hapo simu ya ukutani ikalia. Bila shaka alikuwa LaVonne. Niliiacha ilie. Duane naye hakusogea. Alikaa akiitazama kofia yake mpaka simu ikachoka yenyewe. Kisha akaniuliza mara ya tatu.

"Nikuachie ipi, Bi. Marlys, na ipi niirudishe dukani?"

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, usichapishe neno lolote. Nimeziacha zote mbili hapa mezani, zimeelekeana. Nisingeweza kumrudisha mmoja wetu dukani.