Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mama mkwe amefika kutoka Mella. Kizunguzungu tangu wiki jana. Vidonge vya ugonjwa wa sukari anameza, kichwa bado kinazunguka. Mke wangu Harriet ana hofu. Mimi pia, ila hofu yangu ina shamba ndani yake. Mama hajaamua nani alime bonde lake: mimi, au mwanyumba wangu Okanya, aliyemwoa dada yake Harriet. Okanya ameahidi kumpeleka hospitali ya Tororo, huku kwetu Uganda, Alhamisi, kwa gari lake. Gari lenyewe husukumwa kila asubuhi, lakini ni gari.
Nitamtangulia. Keshokutwa navuka mpaka na mama, kwenda hospitali ya upande wa Kenya.

Jumanne, 4 Machi
Nimefanya uchunguzi. Kinyozi wangu Ikiring anasema hospitalini mwenye nguvu ya kukaa wima atasubiri mpaka jua lizame, na mgeni hurudishwa mpakani. Hajawahi kufika huko, lakini anajua mambo. Kwa hiyo kesho mama asile kitu, aonekane dhaifu. Vidonge ameze kama kawaida, mimi si muuaji. Pia awe mwenyeji wa Kenya.
Nimemtuma Harriet amwambie mama daktari amekataza chakula. Harriet akauliza daktari gani. Nikasema daktari wa damu.

Jumatano, 5 Machi
Naandika nje ya chumba cha dharura.
Harriet alibaki dukani kwetu. Tulivuka kwa bodaboda mbili, maana mkwe hakai boda moja na mama mkwe. Mapokezini, muuguzi, Sista Carol, akauliza jina la mgonjwa. Nikakwama. Kwetu jina la mama mkwe halitamkwi, hata kwa kunong'ona. Nikabuni, nikasema anaitwa Nerima, Mkenya wa hapa hapa Busia. Mama alikuwa benchi la mbali, hakusikia.
Punde sista akaita Nerima. Kimya. Akaita tena. Mama anatazama ukuta tu. Sista akamkimbilia, akamtikisa bega, akataka kitanda kiletwe upesi. Moyoni nikacheka. Kumbe mtu akinyamaza tu anaruka foleni yote!
Kisha nikauona uso wa mama. Jasho linatiririka, macho hayashiki kitu. Sista akauliza amekula nini leo. Nikasema chai na viazi. Akaniambia nimwite mimi, pengine ataitambua sauti. Nikaita mama. Akasema hapana, kwa jina lake. Benchi zima linanitazama. Nikasema jina lake la kweli, Alaso. Nikapaza sauti, Alaso! Mungu anisamehe. Hakujibu.
Hapo niliogopa, na shamba halikuwemo tena.
Wakamchoma kidole kupima sukari. Nikamwambia sista asijisumbue, viazi ameshiba. Akasema wao humpima kila anayeingia, hata msindikizaji wake akiapa. Nikasikia wakisema sukari imeshuka vibaya sana. Wamemtundikia dripu. Mlango umefungwa. Simu ya Harriet inaita, siwezi kuipokea.

Alhamisi, 6 Machi
Mama yu hai. Alifumbua macho jana jioni, akaomba uji. Nililia nyuma ya tangi la maji, nikasema ni vumbi.
Leo Harriet ameleta ujumbe wa mama kunihusu, kama ulivyo: "Maloba aliita mimi jina? Mbele ya watu?" Faini ni mbuzi. Halafu Harriet akauliza habari za daktari wa damu, nami nikakumbuka nina safari.
Sista Carol alinikamata getini. Akasema kwao mgonjwa hupimwa kwanza, awe wa Tororo, awe wa Bulumbi, awe hana kitambulisho wala jina. Kilichokaribia kumuua mama ni uongo wangu, vidonge vya sukari juu ya tumbo tupu. Nikamshukuru kwa ushauri.
Okanya alikuja na gari lake kumchukua. Lilisukumwa na wauguzi wawili. Bonde amepewa yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Bonde limekwenda, lakini foleni tuliiruka, na hilo hakuna wa kulikana. Shida ilikuwa chakula tu.
Baba mdogo wa Harriet, mzee Ebong, kifua kinambana tangu asubuhi, na maumivu yameshuka mkono wa kushoto. Naye ana bonde, tena pana. Boda ziko nje. Safari hii mgonjwa amekula akashiba, maana mimi hujifunza. Nimemwambia tu kwamba leo anaitwa Arthur, na wakimwita asijibu.