Malalamiko Juu ya Injini ya Baba Iliyonyamaza

Ilembo, Mpanda
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Kwa Mjomba Arcade, fundi wa magari, Tabora.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimetanguliza tarehe ili baadaye mtu asiseme nilichelewa kulalamika, na naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Mama amesema yasitoke nje ya nyumba.

Mwanzoni mwa mwezi huu ulikuja kutusalimia na boksi la vipuri, ukafungua injini ya Volkswagen ya Baba, ile ya zamani isiyotumia maji, inayopozwa na upepo tu. Ulibadilisha valvu, springi zake, roka na zile fimbo zinazozisukuma, kisha ukaseti tapeti, zile zinazogonga zikilegea, kwa nafasi nyembamba kama karatasi. Vyuma vya zamani, vilivyokuwa vikigonga tak-tak-tak tangu kabla sijazaliwa, ukavitia kwenye kiroba ukaondoka navyo. Sasa gari linapanda kilima cha kwenda Kakese na ndoo za asali bila kusukumwa, na halitoi sauti. Mjomba, kazi uliyofanya ni nzuri sana. Hayo ndiyo malalamiko yangu, nami nimeyapanga kama ifuatavyo.

1. Kengele. Mimi ni kiranja wa kengele shuleni kwetu. Saa ya ukutani ofisini husimama kila usiku, na asubuhi hurekebishwa kengele ya kwanza inapolia. Simu zimepigwa marufuku hata kwa walimu, tangu ya Mwalimu Cletus ilipoimba Bongo Fleva katikati ya sala ya kumwombea marehemu. Kwa hiyo mimi hupiga kengele ya kwanza nikisikia Baba anawasha gari nyumbani, nyuma ya shule. Sasa nasimama na nondo mkononi mbele ya ile rimu ya lori, ndiyo kengele yetu, na sisikii kitu. Juzi Mwalimu Specioza wa nidhamu alinikuta hapo akaniuliza, "Jeannine, unamsubiri malaika Gabrieli?" Kidato cha kwanza wote wakacheka, na hao ni mimi niliyewafundisha kupanga mstari. Amesema nikichelewesha tena, Ijumaa nondo inakwenda kwa Dieudonne wa kidato cha tatu, ambaye hupiga kengele kama anaua nyoka. Unajua nataka siku moja niwe mkuu wa stesheni ya treni hapa Mpanda. Nani atamkabidhi treni mtu aliyenyang'anywa kengele?

2. Ng'ombe wa Mzee Mwandu. Zamani walisikia tapeti wakiwa mbali, wakatoka barabarani wenyewe. Sasa gari linawafikia mgongoni, wanageuka kulitazama na hawaondoki. Mzee Mwandu alimwambia Baba, "Pontien, kitu kinachokuja kimya hivi kina nia gani na mifugo yangu?" Akamshauri afunge njuga ya ng'ombe kwenye bampa. Baba akafunga. Ng'ombe wakadhani ni kiongozi wao, wakalifuata mpaka sokoni, na Baba aliyekwenda kuuza asali akashinda asubuhi nzima akikataa wanunuzi wa nyama. Mzee Mwandu alipofika hakushukuru. Alisema ng'ombe wake hawajawahi kumfuata yeye namna ile.

3. Ugali. Mama hubandika maji ya ugali akisikia gari liko darajani, likifika mlangoni anasonga. Wiki iliyopita Baba aliingia bila taarifa, akamkuta Mama na jirani yetu Donatille wakiigiza yeye Baba anavyoimba kanisani. Donatille alikuwa amefikia ile sehemu ya juu. Tangu siku hiyo Baba hula kwa kuinama, na Jumapili hii amekaa viti vya nyuma akifungua mdomo tu. Haya ndiyo ambayo Mama hataki yatoke.

4. Msiba. Hili ni zito kuliko yote. Kwa kuwa hakuna aliyesikia gari letu siku kadhaa, Ilembo wakaamua kwamba Baba amefariki. Jumuiya nzima ikaja jioni na unga, maharage na kuni, wakiimba polepole. Baba akatoka uani na taulo begani kuwakaribisha. Wengine walifurahi, lakini Mzee Sixte, aliyetembea na mguu wake mbovu, alichukia kabisa. "Pontien," alisema, "mtu kama upo unatoa taarifa." Wakakaa na kupika, kwa sababu kuni zilikuwa zimeshateremshwa, na Baba akala chakula cha msiba wake akiwa amekaa kati ya wafiwa. Mimi nilipewa pole, nikaipokea, kwa kuwa tumefundishwa kutokukataa pole ya mkubwa.

Kwa hiyo, Mjomba, naomba kwa heshima uvirudishe vyuma vya zamani kwa treni ya kwanza. Kama umeshaviuza kwa wa chuma chakavu, basi njoo ulegeze tapeti mpya, nafasi iwe nene kama jalada la kitabu, zigonge. Na kama maadili ya ufundi hayakuruhusu kuharibu injini nzima, mwandikie Mwalimu Specioza kwamba kimya hiki ni chako, si changu. Ila barua ifike kabla ya Ijumaa.

Nisalimie Mama Selestine na watoto wote, na mafundi wenzako pale gereji, na yule mama wa chai aliyeniuliza mwaka jana kama huku kwetu kuna simba. Mwambie wapo, hawajambo.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Jeannine Pontien
Kidato cha Nne
Kiranja wa Kengele (mpaka Ijumaa)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Baba amenichukua garini kupeleka ndoo za asali stesheni. Kumbe gari letu lina redio. Siku zote ilikuwa ikiongea na sisi hatusikii. Mtangazaji akataja saa, Baba akatazama saa yake ya mkononi, akamsikitikia mtangazaji. Lakini tulipofika, saa ya stesheni nayo ilikuwa upande wa redio. Sisi tuko nyuma karibu saa nzima. Nikamuuliza Baba saa yake huirekebisha kwa kufuata nini, akanijibu, "Kwa kengele yenu ya kwenda nyumbani, mwanangu. Shule haiwezi kukosea." Kengele hiyo mimi huipiga kwa saa ya ofisini, ya ofisini hufuata kengele ya asubuhi, ya asubuhi hufuata gari, na gari Baba huliwasha kwa saa yake ya mkononi, nalo lilikuwa gumu kuwaka, hivyo kila asubuhi tulipoteza dakika kidogo. Nimeelewa sasa kwa nini shule yetu haijawahi kuwa na mwalimu mchelewaji. Mjomba, mtihani wa Taifa uko karibu, na wasimamizi watakuja na saa zao kutoka huko watokako. Nijibu kwa treni itakayorudi: nipige kengele kwa saa ya redio, au utaviwahisha vile vyuma vya zamani ili wasimamizi nao wasikie gari la Baba na kurekebisha saa zao?