Malalamiko Dhidi ya Spika Zilizommeza Mkurugenzi

Ndugu Afisa Utumishi,

Kuhusu: Maelezo yangu juu ya kutoweka kwa sauti ya Mkurugenzi, pamoja na malalamiko dhidi ya spika

Barua yako nimeipokea leo asubuhi, nimesaini kitabuni, na nimeisoma mara nne, mara mbili kati ya hizo nikiwa nimesimama. Unanitaka nieleze, kabla ya saa kumi kesho, kwa nini nisiachishwe kazi zikiwa zimebaki wiki tatu nithibitishwe. Ili nisikosee, nimeandika kwanza kwa penseli. Mama ameshawatangazia ndugu wa pande zote mbili kwamba mwanawe ni mtumishi wa kudumu, na sijui ni nani atakayezunguka kuwatangazia kinyume chake.

Utakumbuka kwamba Mkurugenzi aliamua kuuimba mwenyewe wimbo wa miaka kumi ya ofisi, na kwamba urekodiwe nyumbani kwangu, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyejaza sehemu ya "vipaji vingine" kwenye fomu ya ajira. Alikuja Jumamosi mchana. Tuliegemeza magodoro ukutani, mama akazima friji, na Mkurugenzi akaimba akiwa ameingiza kichwa ndani ya kabati langu, katikati ya mashati. Baadaye alivaa hedifoni zangu, akafumba macho, akasema, "Kijana, hapa nimejaa chumba kizima!" Sauti iliyojaa chumba kizima haiwezi kuambiwa kwamba haikuwepo. Kwa heshima zote, basi, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Spika ya ukumbini. Ukumbi tuliofanyia sherehe ya miaka kumi una spika moja, imetundikwa juu ya mlango wa choo, na ina sura ya kitu kilichokwisha kukata tamaa. Wimbo ulipowekwa mbele ya wageni mia mbili na kumi na wawili, spika hiyo ilitoa ngoma, ikatoa kinanda, ikawatoa waitikiaji wote wa idara ya mapokezi, ikammeza Mkurugenzi peke yake. Ingekuwa mbovu, ingeharibu vyote. Hii ilichagua. Mkurugenzi, ambaye kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa kwa agizo lake mwenyewe ili asisikike akihema, alibaki jukwaani mkono kifuani, akifungua mdomo na kuufunga. Pale alipopaswa kuuliza, "Nani ameijenga ofisi hii?" pakawa kimya, kisha waitikiaji wakapaza, "Ni yeye! Ni yeye!" Wakati huo mhudumu wa ukumbi alikuwa akipita na viti viwili. Wageni wote wakamgeukia, wakampigia makofi, naye akainama kushukuru. Sijasikia kwamba amepewa barua.

2. Vyombo vingine, na wenye navyo. Kesho yake nilijaribu wimbo kwenye simu ya dereva wa ofisi. Hakuna mtu. Kwenye redio ya mlinzi wa getini, hakuna mtu. Ndani ya gari Mkurugenzi alisikika kwa mbali, kama aliyefungiwa stoo na anagonga. Dereva akaniambia, "Dogo, huyu bosi mmemrekodi akiwa likizo?" akacheka mpaka akaegemea usukani, akabonyeza honi. Naomba kicheko hicho kiingizwe kwenye jalada lake. Nyumbani nako dada yangu mkubwa alisikiliza kwenye kispika chake cha jikoni mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Wimbo mtamu, mdogo wangu. Sasa mwimbaji anafika saa ngapi?" Yeye nimemsamehe, kwa kuwa ndiye anayenipigia pasi mashati.

3. Fundi wa sauti wa ukumbini. Mtu huyu, ambaye hana hata kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, amethubutu kusema kosa ni langu. Nieleze. Mimi ni karani wa masjala, na nimefundishwa, tena na wewe mwenyewe, kwamba hakuna kinachotoka mezani bila nakala mbili. Hivyo sauti ya Mkurugenzi niliiwekea nakala mbili, moja kwa sikio la kushoto na nyingine kwa sikio la kulia. Somo fulani nililolitazama kwenye simu likasema ukiigeuza ya pili juu chini, vilima vya mawimbi yake viwe mabonde, sauti hutanuka. Nikaigeuza. Fundi alisikiliza kidogo, akaguna, akasema, "Kijana, umewaweka pamoja ndugu wawili wasioelewana. Kwenye hedifoni kila mmoja ana chumba chake. Kwenye spika moja wanakutana mlangoni, huyu anasukuma, yule anavuta, hatoki mtu. Irudishe hiyo ya pili kama ilivyokuwa, basi. Na siku nyingine sikiliza kwa spika moja kabla hujampelekea mtu kazi yake."

Nimekaa masjala miezi mitano na wiki moja. Sijawahi kuona nakala halisi na nakala ya jalada zikikutana kabatini na kufutana. Kama maneno ya fundi yangekuwa kweli, makabati yetu yote yangekuwa matupu, na siyo lile la malalamiko ya wateja tu, ambalo ni tupu kwa sababu nyingine.

4. Wasikilizaji. Hawa wamepewa masikio mawili bure, na bado wanasikiliza kwa spika moja. Wanasikiliza wakiosha vyombo. Wanasikiliza wakiwa wamegeuza mgongo. Mimi nilimrekodia mtu aliyetulia kwenye ukingo wa kitanda changu, uso ukielekea dirishani, hedifoni zangu kichwani, waya haujakunjika. Msikilizaji huyo yupo. Ni mimi, na sina lalamiko lolote.

Kuubadilisha wimbo mmoja ili uziridhishe spika zote za mitaani ni kumwadhibu asiyekosa na kuwapongeza wahuni. Kilicho haki ni spika zibadilike. Kwa hiyo naomba:

(a) Spika zinazotoa sauti upande mmoja zipigwe marufuku ofisini, na simu za watumishi zikaguliwe getini, kuanzia ya dereva.

(b) Wageni wote mia mbili na kumi na wawili waandikiwe kuja chumbani kwangu, mmoja mmoja. Wimbo ni dakika nne, kusalimiana dakika moja, jumla ni saa kumi na saba na dakika arobaini. Ratiba nimeiambatanisha, nakala mbili. Mama amekubali, isipokuwa siku za kufua.

(c) Mgeni asiyeweza kuja asaini tamko kwamba alimsikia Mkurugenzi vizuri na kwamba aliguswa. Walio nje ya mji waruhusiwe kuguswa kwa barua.

(d) Mhudumu wa viti aandike kukiri kwamba makofi yale hayakuwa yake.

Haya yakitekelezwa, naamini utaona hakuna sababu ya kunizuia kuthibitishwa. Sijamlaumu yeyote, ila niliowataja. Niwie radhi kwa alama ya kalamu iliyovuja pembeni. Wasalimie wenzetu wa mapokezi, na uwaambie waliitikia vizuri sana, hata bila kuulizwa. Msalimie mlinzi na redio yake. Dereva msalimie kwa ufupi. Mzee wako nyumbani na watoto, wote nawatakia afya njema.

Wako mtiifu, kwa hofu na uangalifu,

Karani wa Masjala (wa majaribio)

Nyongeza, asubuhi ya siku ya pili: Baada ya kusaini niliona ni vizuri nijaribu alivyosema fundi, ili nipate ushahidi kwamba ni mwongo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchonga penseli. Sauti ya Mkurugenzi imerudi kwenye simu, kwenye redio, ndani ya gari, hata kwenye ile spika ya mlango wa choo, kila neno, na kila pumzi. Kwa hiyo naomba vipengele vyote hapo juu vifutwe, na fundi aombwe radhi kwa niaba yangu, kwa kuwa mimi naona aibu. Wimbo nimempelekea Mkurugenzi. Ameusikiliza kwenye simu yake, mezani, mpaka mwisho, macho wazi. Kisha akauliza, "Huyu anayekwaruza ni nani, na ni nani aliyemruhusu kuimba sehemu yangu?" Nilimjibu kwamba nitaangalia kwenye kumbukumbu. Anataka jina kwa maandishi kabla ya saa sita. Tafadhali sana, nielekeze nimwandike nani.