Visawe Sita vya Mwaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri Mkuu wa kamusi ametangaza: nafasi ya naibu wake itajazwa Ijumaa. Tumebaki wawili. Mimi, ninayehariri maneno ya herufi M, na Miwani, anayehariri ya herufi N, mtu anayechonga penseli hata kabla ya kupiga chafya. Kila mmoja amepewa neno moja. Atakayelitolea maana na visawe vya kuaminika ndiye naibu. Miwani kapata “nahodha”. Neno la watoto. Mimi nimepata “mwaguzi”, yule ambaye waliokufa huzungumza kupitia kwake. Sikushangaa. Inajulikana nani ni nani.

Kanuni za kamusi yetu tuliachiwa na Marehemu, mwanzilishi. Neno halipiti bila kadi, na kadi haipiti bila msemaji, mahali na tarehe. Wino ni wa buluu. Kijani hutumiwa na naibu na mkuu tu.

Jioni nimenunua kalamu ya kijani. Ijumaa si mbali.

Visawe nimekwisha kuvipata kichwani: mpiga ramli, mtabiri, mbashiri, mganga, mpunga pepo, kiti cha pepo. Sita! Miwani, nasikia, ana viwili. Nimemwonea huruma, kwa muda mfupi.

Jumanne, 4 Machi

Silaha yangu ya siri: shangazi. Mwaguzi kwa miaka thelathini, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Sofa yake bado ina nailoni ya dukani. Nilikuta wateja watatu, mmoja akiwa amepakata picha ya marehemu mumewe, anataka kumuuliza hati ya nyumba aliiweka wapi. Nikapita mbele ya wote. Nikawaeleza kwamba kazi ya lugha haisubiri. Mama wa hati akasema hata neno “foleni” limo kwenye lugha.

Nikamsomea shangazi visawe vyangu ili athibitishe tu.

Mpiga ramli? Yule ana hesabu zake, akasema, na yeye hesabu zilimshinda darasa la nne, baba yangu akamcheka mwaka mzima. Mtabiri na mbashiri husema ya kesho. Wateja wake yeye wanaulizia watu ambao kesho yao imekwisha. Mganga hutoa dawa. “Nikupe dawa mimi, halafu unishtaki?” Mpunga pepo anawafukuza, yeye anawakaribisha. Na kiti je? Kiti hukaliwa na yeyote apitaye. Yeye ni kwa miadi.

Kisha akaniuliza kama nimekula, maana nimebaki kichwa tu.

Visawe sita, kadi sifuri. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi, kwenye ngazi, nikapata wazo ambalo naamini halina mwenzake katika historia ya kamusi.

Jumatano, 5 Machi

Wazo lenyewe: yupo msemaji mmoja ambaye ofisi nzima haiwezi kumbishia. Marehemu. Tatizo lake ni moja tu, na tatizo hilo ndilo kazi ya shangazi yangu.

Shangazi alisita. Akasema ndugu wakija kazini huwa hawaheshimu foleni. Nikapanga foleni. Kwa muda wa saa moja na nusu, nyuma ya mama wa hati, ambaye alifurahi sana kuniona pale.

Mapazia yakashushwa. Shangazi akafumba macho, mikono juu ya magoti. Kikatoka kikohozi. Nilikijua: kile cha Marehemu akitaka kuikata sentensi yako katikati. Shangazi hajawahi kumwona Marehemu. Nywele zilinisimama, lakini nikachomoa kalamu yangu mpya.

Nikauliza: mwaguzi ni sawa na mpiga ramli? Sauti ikajibu, “Kadi iko wapi?” Nikaelewa. Anataka niandike kadi. Nikaandika. Mtabiri? “Kadi iko wapi?” Nikaandika. Mara sita. Mzee hakukataa hata kimoja.

Mwishoni sauti ikauliza, na macho ya shangazi bado yamefumbwa: “Nani amekupa kijani?” Hilo niliona halihusu mwaguzi. Sikuliandika.

Kadi sita. Msemaji: Marehemu. Mahali: sebuleni kwa shangazi. Tarehe: ya leo. Nimezitazama mpaka macho yakauma.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Nilitarajia vicheko, nikawa nimeandaa majibu. Hakuna aliyecheka. Walibishana saa mbili nzima kuhusu kisanduku cha “umri wa msemaji”. Mpiga chapa wetu alitaka tuandike umri aliofia. Miwani alisema maneno yote ya Marehemu yawekewe alama ya “zamani”. Nikamkumbusha kwamba mtu huyu amesema jana mchana, na yule nahodha, msemaji wa kadi zake yeye, kasema mwezi uliopita.

Mhariri Mkuu akauliza tutajuaje kama ni yeye. Ikabidi nitoe lile swali la kijani. Wote wakaziangalia kadi zangu na wino wake wa kijani. Mhariri Mkuu akasema taratibu: huyo ni yeye.

Nimeshinda. Imebaki kanuni ndogo tu: kadi ikitiliwa shaka, mwenye kinywa aitwe. Kinywa ni cha ukoo wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi alikuja na mkoba wake mzuri. Akaulizwa Marehemu alisema nini. Akajibu hajui, hajawahi kujua, na angekuwa anajua angekuwa mbea, si mwaguzi. Basi Mhariri Mkuu akanigeukia: maneno yenyewe, neno kwa neno, yalikuwa yapi?

Nikayasema kwa sauti, kifua mbele. Kadi iko wapi, mara sita.

Mpiga chapa akajifunika uso. Mhariri Mkuu akasema alikaa na Marehemu miaka kumi na minne, na kila alipokataa neno hakusema jingine ila hilo. Akazichana zote, mbili mbili.

Halafu akamuuliza shangazi, kwa heshima: sasa mwaguzi ni nani, mama? Shangazi akafikiri kidogo, akasema: ni mtu anayewaazima wafu kinywa chake, asijue watakirudisha na maneno gani.

Hapo sikuandika, nilikuwa naokota vipande vya kadi. Miwani aliandika. Msemaji, mahali, tarehe. Wino wa buluu.

Miwani ndiye naibu. Neno litachapwa bila kisawe hata kimoja. Shangazi, akishuka ngazi, aliniambia nisihuzunike, na nile.

Jumamosi, 8 Machi

Sihuzuniki. Maana bora ya kamusi nzima imetoka katika ukoo wangu, na mwanzilishi mwenyewe alizungumza nami, si na Miwani. Alizungumza mara saba.

Na nikitafakari, Marehemu hajaulizwa nani awe naibu. Nimempigia shangazi. Jumatatu ana nafasi saa nne, baada ya mama wa hati. Nimekata kadi mpya, kubwa zaidi, ili jibu lienee lote. Ile kalamu imeanza kukwaruza, nimenunua nyingine mbili.

Za kijani.