Kitenge cha Koko na Fishi ya Usingizi

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Hili sijamwambia mtu, hata padri katika kitubio: nina miaka kumi na sita, ninasomea uuguzi hapa Kasongo, najua kudunga sindano, na siwezi kulala bila kitenge cha koko, bibi yangu.

Kipande tu. Cha kijani, kimechanika pembeni. Koko alikifunga kiunoni miaka mingi jikoni kwake kijijini Wamaza, kwa hiyo kilinuka moshi, mawese na koko mwenyewe. Nilikilalia chini ya shavu. Mwezi wa nane mama mdogo Marie, ninayekaa kwake, alikikuta kitandani akakifua. Kwa sabuni ya unga! Akaja na furaha yake: "Ceci, nimekutosolea ile harufu mubaya." Nikasema asante. Mimi ni mtu wa kusema asante.

Tangu siku hiyo silali. Darasani nilikuwa wa tatu. Sasa ni wa kumi na tisa.

Leo, habari kubwa. Madame Pascaline, mwalimu wetu wa uuguzi, anafanya utafiti wa kumaliza masomo yake: usingizi, mwendo wa mwili, afya, na jinsi mwanafunzi anavyoshika masomo. Kila mmoja kapewa karatasi, tunaiita fishi. Wiki nzima unaandika: umelala masaa mangapi, umetembea kiasi gani, darasani umeshika nini. Tunarudisha Ijumaa. Jumatatu ijayo anakwenda Kabambare kuonyesha kazi yake kwa wanafunzi wa huko, na atachukua mwanafunzi mmoja ambaye fishi yake itamsaidia zaidi.

Na pikipiki ya Kabambare inapita Wamaza! Mbele ya jiko la koko!

Lazima niwe mimi. Nusu saa tu juu ya moshi, kitenge kitapona.

Jumanne, 5 Novemba

Usiku wa jana: masaa mawili na kidogo. Nilihesabu misumari ya bati. Hamsini na saba.

Kwenye fishi nimeandika nane. Madame anataka tuandike Kifaransa, na Kifaransa kinanisaidia: ndani yake uongo hauniumi. Kwa Kiswahili nasikia sauti ya koko, kalamu inasimama.

Tatizo ni Roger. Tunakaa benchi moja. Anacheza mpira kila jioni, analala popote, nimemwona akilala amesimama kwenye foleni ya maji. Fishi yake: masaa tisa. Ya kweli! Akachungulia yangu, akachungulia macho yangu, akapaza sauti: "Wee Ceci, masaa nane na macho mekundu hivi? Ulilalia wapi, mu barabara?" Darasa lote likacheka. Nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Jioni nimejaza fishi yote mpaka Ijumaa. Nane, nane, nane. Alhamisi nikaweka nane na nusu, isionekane nimenakili. Akili!

Jumatano, 6 Novemba

Madame ana saa moja tu ya mkono inayohesabu hatua. Kila siku inavaliwa na mtu tofauti. Leo zamu yangu. Kutoka shule mpaka nyumbani ilihesabu hatua mia sita na tatu. Aibu! Jana Roger alileta elfu kumi na moja.

Mama mdogo akaniita nitwange sombe, majani ya mihogo. Nikatwanga na saa mkononi. Nikaitazama: imepanda! Kila mtwango ni hatua! Nikatwanga sombe yetu, nikaomba ya jirani, nikaomba ya jirani wa jirani. Elfu kumi na nne mia mbili na tatu, na sijatoka kwenye kinu. Mama mdogo amesema leo nimepata heshima. Mikono haiinuki, naandika kwa shida.

Zamani sikuhitaji saa. Alfajiri koko alikuwa anagonga ukuta mara mbili, tunaenda shambani, mwendo wa masaa mawili, yeye mbele na jembe, mimi nyuma nakanyaga alama za miguu yake kwenye umande. Kurudi, kuni kichwani. Jioni nilikuwa nalala na samaki mkononi. Koko alikuwa anamtoa polepole, anamfunika, asubuhi namkuta. Sikujua kama ule ulikuwa mwendo wa mwili. Nilifikiri ni kwenda shambani.

Ijumaa, 8 Novemba

Jana mchana mzee Jean-Baptiste, fundi cherehani, jirani yetu, alifariki. Mtaa mzima tulikesha kwenye kilio. Madame Pascaline naye alikuja, kwa sababu mzee ndiye aliyemshonea nguo ya harusi. Mimi nilishika kazi ya moto na chai. Nyimbo, machozi, kuni mbichi, moshi mwingi. Ule moshi! Mara mbili nilifumba macho nikaona jiko la Wamaza. Lakini kulala, hapana. Hakuna aliyelala.

Asubuhi nimerudisha fishi. Imejaa vizuri, haina hata doa. Roger ameandika kwenye yake kwamba alisinzia darasani, tena somo la Madame mwenyewe! Mjinga. Naiona Wamaza.

Jumamosi, 9 Novemba

Siioni tena.

Madame aliniita peke yangu chini ya veranda. Akaweka kidole kwenye Alhamisi. Akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele: "Hapa ulilala masaa nane na nusu. Na yule mutoto mwanamuke alinishikia sufuria ya chai mpaka kunakucha, ni nani? Pacha yako?"

Nikaanza kuifuta ile nane na nusu kwa kidole.

Akauliza tena kuhusu hatua elfu kumi na nne. Karibu zote kati ya saa kumi na saa kumi na mbili za jioni. Ni nani alikuwa ananifukuza?

Nikasema: sombe.

Aligeuka akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka. Halafu akasema neno ambalo mpaka sasa linanichoma. Wanaolala vizuri anao wengi. Aliyekuwa anamtafuta ni mwanafunzi aliyetoka kijijini akiwa anatembea na kulala na kushika masomo, kisha usingizi ukamkimbia na pointi zikashuka. Alipoona pointi zangu alifikiri ni mimi. Ukweli wangu, hivyo ulivyo, ungenipandisha kwenye ile pikipiki! Sasa atakwenda Roger, kwa sababu fishi yake angalau inaaminika.

Nililia. Madame akanipa fishi nyingine, tupu. Mwezi wa kumi na mbili atarudi Kabambare. Akasema niandike ukweli tu, wiki moja, ataona. Kisha akauliza kwa nini silali. Nikamwomba tu kama anaweza kumpelekea koko kifurushi. Akakubali, atapita Jumatatu asubuhi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekunja kitenge mara nne, nimekitia kwenye sachet ya plastiki. Barua fupi: Koko, kitundike juu ya moto mpaka nikifuate. Sababu sikuandika. Koko hasomi, katekista atamsomea, na katekista ana mdomo. Koko atajua mwenyewe.

Leo nalala bila kitu chini ya shavu. Naogopa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimelala! Tangu jua lilipozama mpaka sasa, na sasa jua linaingia dirishani. Sikuhesabu hata msumari mmoja. Niliota koko anagonga ukuta mara mbili. Kumbe ni mama mdogo, ananiamsha kwa mara ya tatu.

Hatari kubwa! Mtu anayelala hivi Madame atampeleka Kabambare kufanya nini? Nimechukua fishi mpya haraka. Usiku wa jana: masaa mawili. Kesho mawili. Keshokutwa mawili. Alhamisi nimeweka moja na nusu, isionekane nimenakili. Na safari hii siyo mjinga: juzi nilimuuliza mama mdogo kama kuna mgonjwa mahututi mtaani, kilio kisije kikaniumbua tena. Hakuna.

Pikipiki imesimama nje. Mama mdogo anamwambia mtu: "Ingia, Madame, umuone mwenyewe. Toka jana jioni analala tu, nilifikiri amekufa!" Sauti inayojibu naijua. Sasa viatu, jozi mbili, vinakuja mlangoni.

Fishi niifiche wapi? Na ukurasa huu? Chini ya mto wataona. Nauchana. Vyote viwili ndani ya ile sachet ya safari, chini ya kitenge cha koko. Mule hakuna mtu ataangal