Madam na Maji ya Kioo

Clement alipotoka nyuma ya gereji na kuliona lile gari limeegeshwa mbele ya kibanda cha kuku wa kuchoma pale Ikungi, hakuangalia rangi wala namba. Aliangalia kioo cha mbele. Kilikuwa kimevaa vumbi la njia nzima kutoka Manyoni, na wadudu wamekaukia juu yake bila hata kuacha wosia. Waliokuja na gari walikuwa wameshaingia ndani kula, madirisha wameyaacha wazi kwa ajili ya joto. Clement akamshukuru Mungu, kwa kuwa alikuwa mtu wa dini.

Kwa jina la kazi aliitwa Dokta Vioo. Cheo hicho alijipa mwenyewe, baada ya kusubiri sana bila mtu kujitokeza kumpa. Udaktari wake ulianza kwa kumtia mgonjwa ugonjwa. Alikuwa anajitolea kufuta kioo cha mgeni, na wakati kitambaa kinapita huku na huku, kidole gumba kinasukuma sabuni ya mche ndani ya vile vitundu vya kurushia maji ya kioo. Mwenye gari akirudi, anaambiwa kwa masikitiko kwamba pampu imekufa. Dokta anaichomoa pampu nzima kabisa, anaipeleka nyuma ya gereji, anaipaka rangi ya viatu mpaka inang'aa, anaitia kwenye mfuko wa nailoni na kumuuzia mwenyewe kama mpya. Watu wengi wenye elimu zao wamepita barabara ile ya Dodoma wakiwa wamenunua pampu zao wenyewe, na wakashukuru.

Sabuni ilikuwa imeshaingia vizuri aliposikia sauti nyuma yake.

"Fundi, unalifanya nini gari langu?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, gauni limenyooka, mkoba begani, kijiti cha meno mdomoni. Clement akainama kidogo, kama inavyowapasa madaktari.

"Habari za safari, madam. Nilikuwa nakufutia tu. Ila nina habari mbaya. Gari lako halirushi maji ya kioo."

"Ndilo hilo hilo!" mama akapiga makofi. "Tangu Kintinku dereva anabonyeza, hakuna kitu. Nikamwambia, Noel, hili gari utatuua nalo."

Hapo mtu mwingine angejiuliza jambo dogo: sabuni imeingia sasa hivi, sasa huko Kintinku maji yalizibwa na nani? Lakini Clement hakuwa mtu wa kumkatiza mteja anayekubali. Aliwahi kupata wajinga, ila mjinga anayekuja na ushahidi wake mkononi alikuwa hajapata.

"Ni pampu, madam. Imekufa."

"Basi fungua uangalie. Kamba ya boneti iko hapo chini ya usukani, vuta mwenyewe, mimi nimetoka kunawa. Funguo anazo Noel, na Noel ukimtoa kwenye kuku anaacha kazi."

Clement akapitisha mkono dirishani, akafungua boneti, akaichomoa pampu na kuinyanyua juu kwa huzuni.

"Maskini," mama akasema. "Sasa sikia. Naitwa Witness, ni meneja. Magari ya ofisi yetu yote yana ugonjwa huu huu. Unazo pampu za kuyatosha?"

"Stoo nzima, madam." Stoo ilikuwa kopo moja la rangi ya viatu.

"Basi wewe ndiye niliyekuwa namtafuta. Tatizo ni mhasibu wetu. Yuko Singida mjini, na bila kumfuata mwenyewe leo hii hatoi hela. Basi nalo sijui litapita saa ngapi." Akaitazama barabara, akashusha pumzi. Hakuomba kitu.

"Madam, mtu kama wewe ukasubiri basi? Chukua pikipiki yangu!"

"Pikipiki? Hapana, kaka yangu. Nitaiangusha."

"Haianguki hiyo! Mke wangu Lucy ameinunua kwa alizeti zake, bado changa kabisa."

Ilibidi ambembeleze. Alimbembeleza mpaka akamvalisha helmeti kwa mikono yake. Mama Witness akakubali kwa shingo upande.

"Lakini gari nakuachia wewe. Asiguse mtu. Hata akija na maneno matamu, usikubali."

"Labda nife."

Mama akawasha kwa teke moja, akaondoka amenyooka kama aliyezaliwa juu ya tangi la mafuta. Clement alimwangalia akiona fahari.

Punde akatoka kibandani mwanaume mmoja mwenye mabega kama mlango wa ghala, anafuta mafuta ya kuku mdomoni. Akaja moja kwa moja kwenye gari. Clement akasimama katikati, pampu mkononi.

"Wewe ndiye Noel? Rudi ukamalizie kula, madam ameniachia mimi."

"Mimi ni Gerald. Toka mlangoni."

"Mzee, gari hili lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Madam. Mama mmoja mzuri, mwenye gauni la heshima. Hata kamba ya boneti anajua ilipo."

"Gerald," ikasema sauti ya kike nyuma ya yale mabega. "Madam gani huyo?"

Alikuwa mkewe, Kristina, amekunja mikono kifuani. Gerald akageuka. Jasho likamtoka kwa haraka ambayo maji ya kioo hayajawahi kuifikia.

"Mke wangu, simjui."

"Humjui, na anajua kamba ya boneti ilipo?"

Gerald akamkunja Clement shati. "Wewe! Na hiyo uliyoshika ni nini? Umechomoa kitu kwenye gari langu? Mwizi!"

Neno hilo likisemwa kando ya barabara, wapita njia huanza kuokota mawe kabla ya kuuliza. Wawili walikuwa wameshainama. Ndipo Clement akaelewa yote kwa mpigo: gari si la madam, Noel hajazaliwa, na pikipiki ya Lucy iko inakojua yenyewe. Kulia angeweza. Lakini akilia kwamba ameibiwa, ataulizwa kwa nini alimpa mama yule pikipiki. Akafuate hela. Hela ya nini? Ya pampu. Pampu gani? Ile pale mkononi.

"Jamani, mimi fundi!" akapiga kelele. "Nilikuwa namtengenezea bure! Nawasaidia wasafiri. Madam nilisema kwa utani tu."

"Bure?" Gerald akalegeza mkono.

"Kabisa, mzee."

Akarudisha pampu, akachokonoa sabuni kwa pini. Gerald akabonyeza. Maji yakaruka, mengi yakaishia usoni kwa Clement, na hakuyafuta.

Baba mwenye gari akaridhika mpaka akamuuliza kama anaomba chochote. Clement akaomba lifti ya Singida, kwamba ana mgonjwa. Kuhusu mgonjwa, hakusema uongo sana.

Akakaa kiti cha nyuma. Mbele, Kristina aliuliza habari za madam, na kila alipouliza Gerald alibonyeza maji ya kioo badala ya kujibu. Kioo kikawa safi kuliko chochote ndani ya gari lile.

Walikuwa wamefika mbali kidogo pikipiki ilipotokea mbele yao, inarudi upande wa Ikungi. Mama Witness alikuwa ameshapakia abiria mwenye gunia. Alipolitambua gari alipunguza mwendo, akachungulia, akamwona Clement dirishani, akapiga honi na kupunga mkono kwa adabu zote. Clement alipofungua mdomo, lori lilikuwa limeshamfunika mama yule.

Kristina akamgeukia mumewe polepole. "Gerald. Yule mwanamke anampungia nani?"

Gerald akaapa kwa marehemu mama yake. Gari likayumba. Wote wawili wakamtazama Clement, na yale mabega yalionekana makubwa zaidi kwa ndani.

"Mimi," Clement akasema. "Ananipungia mimi. Ni mteja wangu. Nadhani ameridhika na huduma."