Tafadhali Uchafueni Mtumbwi

Jamani, leo nimeaibika kwa lugha tatu.

Mnajua nasoma mahusiano ya kimataifa, pamoja na Kifaransa na Kitaliano. (Hapa kijijini Idsowe wananiita Balozi. Nilikuwa naringa nalo jina hilo mpaka saa nne asubuhi.) Mnajua pia nimetafuta nafasi ya mafunzo kazini muhula mzima nikakosa, na bila hiyo sihitimu.

Basi leo amekuja mama mmoja Mfaransa, msimamizi wa mradi wa mpunga, na wenzake wawili, kuona mashamba ya ng'ambo ya mto. Anatafuta mkalimani. Akasema atanisikiliza kwanza, nikifaa, ananichukua.

Mvushaji ni Mjomba Hiribae. Mtumbwi wake ndio ulionisomesha tangu kidato cha kwanza, na fadhila hiyo siisahau. Leo aliusugua tangu alfajiri, akatandika na leso mpya ya mkewe. Wageni walipoona unavyong'aa, wakavua wenyewe mabuti yao ya matope. Watu wa adabu!

Nikakohoa kidogo. "Salissez la pirogue, s'il vous plaît!"

Mama akanitazama. Akautazama mtumbwi. "Kweli?" akaniuliza kwa Kifaransa.

"Kweli kabisa! Sana!" (Natabasamu kama msoma habari.)

Akavaa mabuti tena. Akayachovya kwenye tope. Akaingia, akajipangusa kwenye leso mguu mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa heshima zote. Wenzake nao vivyo hivyo.

"We mwana!" Mjomba akapiga kelele. "Umewaambia nini hawa?"

"Nimewaambia wapande!"

"Wapande nini, mpunga?"

Hapo ndipo nikang'amua. Kwa Kitaliano, salire ni kupanda. Kwa Kifaransa, salir ni kuchafua. Nilikuwa nimewaomba wauchafue mtumbwi, na wao maskini wakadhani ndiyo mila yetu!

Nikamwomba mama msamaha, machozi yakinilengalenga. Nikamgeukia Mjomba, nikamweleza. Akanigeuzia mgongo. Nikajua leo nalala nje. Kumbe anajizuia kucheka! Alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mama naye akaangua kicheko, akaniambia, "Kosa hili halifanyi mtu asiyejua Kitaliano. Nina wageni Wataliano wanakuja. Uanze Jumatatu."

Nikamtafsiria Mjomba.

"Una hakika amesema hivyo?" akaniuliza. "Hebu muulize tena."

Nikamuuliza tena. Ni Jumatatu kweli! Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama, na Mjomba wangu sijui nimshukuru kwa lugha gani. Hakunikemea hata neno moja. Alipotuvusha na kuturudisha, alinipa brashi na sabuni tu, akaenda zake.

Kwa hiyo niko hapa kando ya mto, nafua. Chekeni, lakini polepole. Mwenye leso bado hajaambiwa.